Asilimia 80 Imelala Ghalani

Ndugu wanachama,

Ukiingia ghalani kwetu leo, mkono wa kushoto, nyuma ya magunia matupu, utakuta maboksi yamepangwa hadi karibu na dari. Ndani yake mna pakiti 359 za mbegu ya mahindi, kilo mbili mbili. Hazikununuliwa msimu uliopita. Muuzaji wa jumla amekataa kuzipokea tena, na ana haki, maana tuliziagiza wenyewe kwa sahihi yetu na mhuri wetu. Kila pakiti tuliinunua kwa shilingi 14,000. Piga hesabu: ni shilingi 5,026,000. Hizo ndizo fedha ambazo mkutano mkuu ulisema zitanunua mizani mpya. Mizani hatuna, tuna maboksi.

Wengi mnauliza nani alaumiwe. Kuna wanaomnyooshea kidole mtunza duka, na kuna wanaosema ni kamati. Leo inatubidi kuandika jambo ambalo si rahisi kuliandika. Gazeti hili la ukutani nalo limo. Nani aliyeandika hapa hapa, kwa herufi kubwa na wino mwekundu, ASILIMIA 80 WANATAKA MBEGU CHOTARA? Ni sisi. Kamati ikasoma, mkutano ukasoma, watu wakapiga makofi, oda ikaandikwa. Hatukusema uongo, kwani hesabu ile ilikuwa sahihi. Lakini hatukueleza kwamba ni asilimia 80 ya nani, wala ya nini. Kwa hiyo tunaomba radhi. Na kwa kuwa radhi tupu haijazi ghala, tunataka kuieleza hesabu yenyewe polepole, ili oda ya msimu huu isitukute tena tumelala.

KOSA LILIANZIA WAPI

Hebu tukumbushane. Msimu uliopita, siku ya mkutano, vijana wetu walisimama nje ya ofisi wakawauliza wanachama 50, kila mmoja wa kaya yake: "Je, utanunua mbegu chotara katika duka la ushirika?" Watu 40 wakasema ndiyo. Arobaini kati ya hamsini ni sawa na themanini kati ya mia. Hiyo ndiyo asilimia 80.

Chama chetu kina kaya 200. Asilimia 80 ya 200 ni kaya 160. Kamati ikasema kila kaya ichukuliwe kuwa itanunua pakiti nne, yaani kilo nane, kwa kuwa eka moja ya mahindi huhitaji kilo 8 hadi 10 za mbegu. Mia moja na sitini mara nne ni 640. Pakiti 640 zikaagizwa, zikaja, zikapangwa. Msimu ulipokwisha daftari la mauzo likasema: zimeuzwa 281.

Sasa angalieni jambo moja. Kuzidisha hakukukosewa. Mtoto wa darasa la tano angepata jibu hilo hilo la 640. Kosa lilitangulia, na ukiwa umekosea kabla ya kuzidisha, basi unachozidisha ni kosa. Ndiyo maana tunasema mchukia hesabu na mpenda hesabu wote walipotea njia moja: yule hakuikagua kwa sababu inamchosha, na huyu hakuikagua kwa sababu imetoka safi.

GUNIA HALICHOMWI JUU TU

Sote tunamjua mnunuzi wa mahindi na bambo lake, kile kichuma chenye ncha na mfereji wa kutolea punje bila kufungua gunia. Anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini. Akimaliza anatazama punje zilizo kiganjani mwake, chache tu, na kwa hizo anasema gunia zima likoje. Na mara nyingi hakosei. Lakini akichoma juu peke yake ataibiwa, maana tunajua wenyewe (tusidanganyane) kwamba mahindi meupe huwekwa juu na yaliyobunguliwa huwekwa chini.

Kuuliza watu 50 ili kujua mawazo ya kaya 200 ni kuchoma bambo. Si jambo baya. Huwezi kila mara kuzunguka nyumba zote, na punje chache zilizochotwa vizuri husema kweli. Shida ni kwamba sisi tulilichoma gunia la kijiji juu tu.

Tumerudi kwenye karatasi za majibu, tukatazama kila aliyejibu anatoka wapi. Kati ya wale 50, watu 40 walitoka kitongoji cha Sokoni, ambacho kipo mlangoni pa duka na mlangoni pa ofisi. Watu 10 tu ndio waliotoka Mlimani, Mtoni, Shuleni na Barabarani. Lakini Sokoni kuna kaya 60 tu, na vitongoji vile vinne vina kaya 140. Yaani upande wenye watu wachache ndio uliojaza majibu, na upande wenye watu wengi ukasikika kwa mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Na majibu hayakufanana. Wa Sokoni walisema ndiyo watu 36 kati ya 40, yaani asilimia 90. Wa vitongoji vinne walisema ndiyo watu 4 kati ya 10, yaani asilimia 40. Tukichanganya bila kupima tunapata 80. Lakini tukimpa kila mtu uzito wake: asilimia 90 ya kaya 60 za Sokoni ni kaya 54, na asilimia 40 ya kaya 140 za kule ni kaya 56. Jumla kaya 110. Kati ya 200 hiyo ni asilimia 55, si 80! Karatasi ni zile zile na majibu ni yale yale. Tofauti ni kuuliza tu: waliojibu ni nani, na nyuma ya kila mmoja wamesimama wangapi?

Mtu anaweza kusema: basi dawa ni kuuliza watu wengi zaidi. Si lazima. Mwaka 1936 huko Marekani gazeti moja kubwa, Literary Digest, lilitaka kujua nani atashinda urais. Likapeleka kadi kama milioni 10, na watu zaidi ya milioni 2 wakajibu. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Siku ya kura ilipofika, Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majibu yote yale, na bado walikosea! Majina mengi walikuwa wameyatoa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki wenye simu na magari hawakuwa mfano wa watu wote. Tena waliorudisha kadi walikuwa wale wenye hamu ya kurudisha. Mwaka huo huo George Gallup aliuliza watu wachache sana kuliko hao, lakini aliwatafuta katika kila tabaka, na akamtaja mshindi. Ndugu zetu wale walichoma juu ya gunia mara milioni mbili, na sisi tulichoma juu mara arobaini. Kosa ni moja.

NDIYO YA MDOMO NA NDIYO YA MFUKONI

Hata hivyo kaya 110 mara pakiti nne ni 440, na duka liliuza 281. Bado kuna pengo. Tukafungua daftari la risiti, tukatafuta majina ya wale 40 waliosema ndiyo. Tukayakuta 32. Wanane hawakununua hata pakiti moja.

Hatutayataja majina yao, wala haifai mtu ayatafute. Tumezungumza na baadhi yao kirafiki. Mmoja alisema mgonjwa wa nyumbani alimaliza akiba. Mwingine alisema alipata mbegu kwa shemeji yake. Na mmoja alisema maneno ambayo tumeyafikiria siku nyingi: "Niliulizwa mbele ya mwenyekiti, mbele ya watu, utanunua kwenye duka letu au hapana. Jamani, ningesemaje?"

Hapo ndipo penye somo. Swali letu halikuwa swali, lilikuwa mtihani wa utii. Mtu akiulizwa hadharani kama anakipenda chama chake, atasema anakipenda. Lakini mapenzi hayaonekani kwenye oda, inayoonekana ni pesa siku ya pesa. Katika kila watano waliosema ndiyo, wanne walinunua. Tukichukua kipimo hicho, kaya 110 zinashuka kuwa 88.

Halafu tazameni zile pakiti nne. Ni kweli eka moja inataka karibu kilo nane na zaidi. Lakini nani alisema kila kaya itapanda eka nzima ya mbegu chotara? Risiti zinaonyesha walionunua walichukua wastani wa pakiti tatu. Wapo waliochukua sita, wapo waliochukua moja, na wengi hupanda nusu shamba mbegu ya dukani na nusu mbegu yao ya kienyeji, kwa hekima yao ya kutoweka mayai yote katika kikapu kimoja. Asilimia hutaja watu, haitaji kilo. Ukitaka kilo, uliza kilo.

Kaya 88 mara pakiti tatu ni 264. Duka liliuza 281. Karatasi zile zile zilizotuambia 640 zingeweza kutuambia 264, na tungekosea kwa pakiti 17 tu. Tusijivune, maana sehemu ni bahati. Watu 10 ni wachache mno kusemea kaya 140. Lakini tulikuwa na ukweli mkononi tukaukalia.

UPUNGUFU KATIKATI YA WINGI

Kuna jambo jingine ambalo ni chungu zaidi. Katika pakiti 640, tuliagiza 500 za mbegu inayochelewa kukomaa na 140 za mbegu inayokomaa mapema. Mgawanyo huo haukutoka kwenye swali lolote. Ulitoka kichwani. Mvua zikachelewa, kila mtu akataka mbegu ya mapema, na zile 140 zikaisha zote. Za kuchelewa zikauzwa 141, zikabaki hizi 359 mnazoziona.

Mama mmoja wa Mlimani alishuka asubuhi na fedha zake zimefungwa kwenye pindo la khanga, akaambiwa ya mapema imekwisha. Akatazama maboksi yamejaa hadi dari, akauliza: "Sasa haya yote ni ya nini?" Hakujibiwa. Akaenda mjini kwa basi, akatoa nauli, akapoteza siku mbili za kupanda. Mama huyu hakuulizwa na mtu yeyote wakati wa kuuliza.

Na yeye hayumo kwenye daftari la mauzo, kwa sababu daftari la mauzo humwandika aliyenunua tu. Aliyerudi mikono mitupu haachi alama. Ndiyo maana tunawajibu wale wanaosema, "Hesabu zote hizi za nini? Tazama tuliuza ngapi mwaka jana, agiza hizo hizo." Hoja yao ina uzito. Daftari la mwaka jana ni shahidi mzee na mkweli kuliko maneno ya mkutanoni. Lakini shahidi huyo ana jicho moja. Ameona 140 za mapema zimeuzwa. Hakuona wangapi walizikosa. Tukimfuata peke yake, tutaagiza 140 tena, na mama yule atapanda basi tena. Tunapendekeza mtunza duka awe na daftari la pili, hata la kurasa 40, aandike kila siku: nani ameulizia nini na hakukipata. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mteja naye ni vivyo hivyo.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa, na duka la kijiji likatakiwa kushika nafasi yao. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Katika miaka ile bidhaa zilikuja kwa mgao. Wazee hutusimulia kwamba kilichokuja ndicho kilichouzwa, na ambacho hakikuja hakikuwapo. Hakuna aliyemwuliza mwanakijiji anataka nini, basi hakukuwa na asilimia wala kosa la asilimia.

Leo oda tunaiandika wenyewe. Hakuna wa mkoani wa kumsingizia. Hiyo ni heshima, nayo ina gharama yake, kwamba tujue kuuliza na tujue kusikia. Ushirika ambao hauulizi wanachama wake, au unauliza wa karibu na mlango tu, unarudi kwenye mgao kwa mlango wa nyuma, na tofauti ni kwamba safari hii anayegawa ni sisi kwa sisi.

SAFARI HII TUFANYEJE

Kamati ya duka imekubali kwamba kabla ya oda tuulize upya. Sisi wa gazeti tumeombwa kusaidia, na tumekubali kwa masharti haya, ambayo tunayaandika wazi ili mtukamate nayo.

Kwanza, tutauliza kila nyumba ya nne. Sokoni kaya 60, tutauliza 15. Mlimani kaya 40, tutauliza 10. Mtoni kaya 40, tutauliza 10. Shuleni kaya 28, tutauliza 7. Barabarani kaya 32, tutauliza 8. Jumla ni 50, kama mwaka jana, lakini sasa bambo limeingia juu, katikati na chini. Nyumba ya kuanzia tutaipata kwa kuokota karatasi kwenye kofia, si kwa kuchagua nyumba yenye kivuli kizuri. Tukikuta mwenyewe yuko shamba, tutarudi jioni. Hatutarukia kwa jirani kwa sababu tu jirani yupo, maana wanaoshinda nyumbani si sawa na wanaoshinda shamba.

Pili, tutauliza nyumbani kwako, si mbele za watu. Na hatutauliza "utanunua?" peke yake. Tutauliza: Msimu uliopita ulinunua pakiti ngapi? Msimu huu unafikiri utanunua ngapi? Ya mapema au ya kuchelewa? Bei ikipanda kidogo bado utanunua, au utapunguza? Fedha unategemea zitoke wapi, na lini? Mwenye kujibu maswali hayo anakuwa ameshafikiri. Anayeweza kuacha amana kidogo kwa mweka hazina na aache, huyo tutamhesabu mzima bila kupunguza. Asiyeweza asione haya. Wengi wetu hatuna shilingi kabla ya kuuza.

Tatu, tutapunguza maneno kwa kipimo cha vitendo. Mwaka jana wanne katika watano walitimiza. Tutatumia hicho, tukijua kimetokana na watu 40 tu, na kila msimu tutakisahihisha.

Nne, hatutaandika namba moja, tutaandika namba mbili. Tuseme kwa mfano kati ya 50, watu 30 watasema ndiyo. Hiyo ni asilimia 60. Lakini tungeokota karatasi nyingine kwenye kofia tungeuliza nyumba nyingine, na tungepata 56 au 64. Wenye elimu ya takwimu wanakadiria hivi: ukiuliza 50 kati ya 200 bila upendeleo ukapata asilimia 60, ukweli wa kijiji kizima utakuwa kati ya asilimia 48 na 72, karibu mara 19 katika kila mara 20. Yaani kaya 96 hadi 144. Ondoa mmoja katika kila watano, zinabaki kaya 77 hadi 115. Zidisha kwa pakiti tatu, ni kati ya 231 na 345. Sasa mtu akikujia na namba moja kavu, kwa sauti kubwa, mwulize: na pembeni yake kuna nini?

Tano, tutaagiza mara mbili. Kwa mfano huo, oda ya kwanza iwe kama 230, igawanywe kwa aina kama watu walivyojibu. Wakitaka ya mapema wawili katika kila watatu, basi 153 za mapema na 77 za kuchelewa. Halafu tupatane na muuzaji wa jumla, kwa maandishi, kwamba atatuwekea za ziada mpaka wiki mbili baada ya mvua za kwanza. Duka likianza kuuza, daftari litatuambia kama tuongeze. Hesabu ya kuuliza ni ya kuanzia safari, hesabu ya mauzo ni ya kusahihisha njia.

KWA NINI TUSIAGIZE CHINI TU?

Baada ya hasara, mtu huogopa. Tayari tunasikia wengine wakisema tuagize pakiti 100, zikiisha zimeisha. Hapana, ndugu zetu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini tusiongozwe na mshtuko.

Pakiti moja ikibaki inafunga shilingi 14,000 za chama. Tena mbegu si jembe, ina uhai. Kadiri inavyokaa ndivyo nguvu ya kuota inavyopungua, hasa ghala likiwa na joto na unyevu. Hatuwezi kumwuzia mwanachama pakiti iliyopita tarehe yake. Kwa upande wa pili, pakiti moja ikikosekana duka linakosa faida ndogo tu. Duka la mtu binafsi lingeishia hapo katika hesabu yake. Lakini duka hili ni la wanachama. Nauli ya mama wa Mlimani ni hasara yetu, na siku mbili alizochelewa kupanda ni hasara yetu, hata kama haziandikwi popote. Ndiyo maana oda yetu isiwe ya woga wala ya majivuno. Iwe ya chini mwanzoni, na mlango wa kuongeza uwe wazi.

Na kila bidhaa ina tabia yake. Chumvi, majembe na sabuni zikibaki zitauzwa mwezi ujao. Huko tunaweza kuagiza kuelekea namba ya juu bila hofu. Mbegu na dawa zenye tarehe ya mwisho, tuelekee namba ya chini na kuongeza. Tangu Mpango wa Pili wa mwaka 1969 tumezoea kuambiana kupanga ni kuchagua. Basi tuchague tukiwa macho.

TUNALOLIOMBA KWENU

Ndugu mwanachama, hesabu yote hii imesimama juu ya kitu kimoja, nacho ni jibu lako. Vijana watakapogonga hodi kwako, tunakuomba useme kweli. Kama hutanunua, sema sitanunua. Kama utanunua pakiti moja, usiseme nne ili waondoke wamefurahi. Kama unapenda mbegu yako ya kienyeji, sema, na hakuna atakayekuandika kuwa mpinga maendeleo. Hapana ya kweli itatuokolea shilingi 14,000 kwa kila pakiti. Ndiyo ya adabu ndiyo iliyotujazia ghala.

Ninyi vijana mnaouliza, msimsaidie mtu kujibu. Msiseme "si utanunua, mama?" Ulizeni, nyamazeni, andikeni alichosema. Na ninyi viongozi, siku hiyo msiongozane nao. Mkubwa akisimama mlangoni, jibu hubadilika kabla halijatoka mdomoni.

Nasi wa gazeti tunaahidi hivi. Majibu yakipatikana tutayabandika hapa yote: walioulizwa wangapi, wa kitongoji gani, walisema nini, na namba zote mbili, ya chini na ya juu. Hatutaandika tena asilimia peke yake kwa wino mwekundu. Na msimu ukiisha tutaandika pembeni yake zilizouzwa, zilizobaki, na waliokosa, ili kila mtu aone tulikosea kwa kiasi gani. Tutakosea, hilo tuna hakika nalo. Tunachotaka ni tukosee kwa pakiti 20, si kwa 359, na tujue ni kwa nini.

Kuuliza kutaanza Jumamosi saa 10 jioni, kila kitongoji kwa wakati mmoja. Wanaojua kuandika vizuri na wenye miguu ya kupanda Mlimani wajiandikishe kwa katibu. Mweka hazina naye atakuwa ofisini hadi magharibi kupokea amana.

Ukimaliza kusoma, msomee na asiyejua kusoma. Tafadhali usichane karatasi.

Wenu katika ushirika,
Kamati ya Gazeti la Ukutani